‘Hii kufuli ni ya usalama’: Usalama wa nani, na wa kiasi gani?

Mlango wa kupandia kwa paa katika ploti ninayoishi umefungwa tangu mwaka jana. Kufuli ni kubwa, zile nzito ambazo hata fundi wa vyuma huziheshimu. Nilipomuuliza keateka sababu, hakufikiria hata sekunde moja. “Ni ya usalama, bosi. Watu walikuwa wanaibiwa nguo kwa kamba.” Nikamuuliza, je, moto ukianzia huko chini sisi wa juu tutatokea wapi? Akanitazama kama mtu niliyemtakia mabaya. “Usiongee hivyo. Mungu yuko.”

Ploti yetu ina orofa sita, ngazi moja na lango moja la chuma ambalo soja hulifunga saa tano usiku. Kila dirisha lina grili. Mwizi akiitazama anaona ngome. Moshi ukiingia hautakuwa na pa kutokea, wala sisi. Na nina hakika wewe unayesoma hii kwa simu, kama unaishi Roysambu, Pipeline, Kasarani, Zimmerman au mtaa wowote wa keja za kupanga, umeshaanza kuhesabu milango yako.

Jibu la keateka lilinisumbua kwa sababu halikuwa la uongo. Kufuli hilo kweli ni la usalama. Shida ni kwamba Kiswahili kina neno moja, usalama, kwa mambo mawili ambayo Kiingereza kiliyagawa zamani. Kuna kulindwa dhidi ya mtu mbaya: mwizi, gaidi, jambazi. Halafu kuna kukingwa dhidi ya ajali: moto, stima, ngazi isiyo na reli, jengo lililojengwa kwa mchanga mwingi kuliko simiti. Sisi yote ni usalama. Na yanapogongana, lile la kwanza hushinda karibu kila mara.

Sikiliza habari za saa moja usiku. Waziri wa usalama, vyombo vya usalama, kamati ya usalama ya kaunti, usalama umeimarishwa. Hakuna anayesikia “usalama umeimarishwa” akafikiria mtungi wa kuzimia moto. Anafikiria askari na lori la GSU. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, tulizoea kupekuliwa mikoba na kupigwa kifaa cha kutambua chuma kila tunapoingia dukani. Sawa, kulikuwa na sababu. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alikuonyesha mlango wa dharura wa jengo lolote jijini, na ukaujaribu ukafunguka?

Mgongano huu umeshaua. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Vyuma hivyo viliwekwa kwa usalama! Miaka saba baadaye, mnamo 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao umeeleza mambo haya mpaka kwa sentimita: nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati ya angalau mita 2, milango inayofunguka kwa nje, mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiyo na grili. Yote yameandikwa. Bado Septemba 2017 tukazika wasichana wa Moi Girls Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri, waliokuwa katika bweni lililolaza zaidi ya watoto 150. Mwishoni mwa mwaka huo wizara ikafunga mabweni ya zaidi ya shule 300 kwa kutofikia viwango. Fikiria hilo. Shule zaidi ya 300 zilikuwa zikilaza watoto kila usiku, mzazi akipiga simu anaambiwa wako salama.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na inaingia na neno gumu kidogo.

Kenya ina Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, iliyochotwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya 1957. Inasema, kwa Kiswahili changu mimi, kwamba anayesimamia mahali ni lazima achukue tahadhari ambayo, ukizingatia mazingira yote, ni ya busara, ili anayekuja pale kwa shughuli aliyoruhusiwa awe salama kiasi cha kuridhisha. Kumbuka ni “anayesimamia”, si lazima awe mwenye hatimiliki. Ngazi, korido na paa za ploti zikiwa mikononi mwa landilodi, hizo ni zake kwa macho ya sheria hata kama wewe ndiye unayepiga deki kila Jumamosi.

Salama kiasi cha kuridhisha. Nimelitafuta neno bora nikashindwa. Ukisema “usalama wa kadiri”, unasikika kama usalama wa gredi C. Ukisema “wa kuridhisha”, mtu atauliza, umridhishe nani, landilodi? “Wa busara” inakaribia, lakini busara ni ya mtu, si ya ngazi. Ugumu unatoka ndani ya neno lenyewe. Salama tulilipata kwa Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kuwa mzima, bila dosari. Kwa Kiswahili mtu hufika salama au hakufika salama. Hakuna anayetoka Mombasa kwa basi la usiku akapiga simu nyumbani kusema, “Mama, nimefika salama kiasi cha kuridhisha.” Akisema hivyo mama atapanda basi amfuate.

Na tunapolitafsiri neno hilo la Kiingereza, mara nyingi tunaliangusha tu njiani. Chukua habari za mahakamani. Kila wiki utasoma kwamba upande wa mashtaka ulithibitisha kesi “bila shaka yoyote.” Sheria haisemi hivyo. Inasema bila shaka yenye msingi, shaka ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuwa nayo. Bila shaka yoyote ni kiwango cha malaika. Kwa maneno mawili tu tumebadilisha sheria, na msomaji anabaki akishangaa mbona fulani amefungwa ilhali yeye bado ana kashaka kadogo. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini sheria zinazotuongoza kazini na nyumbani bado tunazipata kwa Kiingereza, kisha kila mtu anajitafsiria.

Jambo ambalo tafsiri huficha ni hili: sheria haikuahidi kwamba utakuwa salama. Inachomdai msimamizi ni tahadhari. Hizi ni ahadi mbili tofauti kabisa, na watu wengi hushindwa kesi, au hata hawaifungui, kwa sababu wanazichanganya.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza ambayo inaonyesha tofauti hiyo vizuri, Hall dhidi ya Brooklands, iliyoamuliwa 1932. Brooklands ulikuwa uwanja wa mbio za magari. Siku moja magari mawili yaligusana, moja likaruka kizuizi na kuangukia watazamaji. Watu wawili walikufa. Mtazamaji mmoja aliyejeruhiwa akashtaki, akashinda mara ya kwanza, kisha mahakama ya rufaa ikamnyima. Kwa nini? Uwanja ulikuwa umefunguliwa 1907, na kwa miaka yote hiyo hakuna gari lililokuwa limewahi kuvuka kizuizi kile. Wenye uwanja hawakutakiwa kuzuia kila jambo linaloweza kuwazika. Walitakiwa kuzuia yale ambayo mtu wa kawaida mwenye busara angeyaona yakija. Majaji wa Uingereza wana jina la utani la mtu huyo wa kawaida, yule abiria wa basi la Clapham, mtaa wa kule London. Sisi tungemwita abiria wa matatu ya Rongai, ingawa sijui kama mtu anayekubali kupanda zile nganya jioni anaweza kutumiwa kama kipimo cha tahadhari.

Kesi hiyo inakata pande zote mbili. Inamwokoa anayesimamia mahali pale ambapo ajali haikutarajiwa. Lakini inamnyima pa kujificha pale ilipotarajiwa. Gari likivuka kizuizi leo, kesho uwanja uleule hauwezi tena kusema haukujua.

Sasa turudi nyumbani, Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024. Lori lililobeba gesi lililipuka katika eneo la Mradi, moto ukasambaa hadi kwa nyumba na maghala ya jirani. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa, wengi wakiwa wanajiandaa kulala. Je, kuna aliyeona jambo hilo likija? Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) yenyewe ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi pale mara tatu mwaka wa 2023, moja ya sababu ikiwa watu wamejaa sana katika eneo hilo. Mara tatu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo ilikuwa imetoa leseni, na maafisa wake wakasimamishwa kazi baadaye. Abiria wa matatu hahitajiki hapa kabisa. Hatari ilikuwa imeandikwa kwa karatasi ya serikali, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwa faili. Anayetaka kusema eti ilikuwa ajali tu, bahati mbaya, mipango ya Mungu, ni lazima kwanza ajibu hiyo faili.

Kazini kipimo kina sura nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri afanye mambo mengi “kadiri inavyowezekana kwa busara.” Hapo watu wa mjengo husikia mwanya: haiwezekani, pesa hakuna. Lakini maneno hayo pia yana historia. Katika kesi ya Edwards, Uingereza 1949, mchimba makaa aliuawa na ukuta wa mgodi ulioporomoka, na majaji wakasema unaweka hatari kwa sahani moja ya mizani, na kwa ile nyingine gharama, muda na usumbufu wa kuiondoa. Gharama ikiwa kubwa kupita kiasi ukilinganisha na hatari, mwajiri anaponea. Hatari ikiwa nzito, analipa. Hawakuweka kwa mizani umaskini wa aliyekufa.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalozungumzwa chinichini jijini bila mtu kulisema wazi. Utasikia, “Nyumba ni ya elfu tano, ulitarajia nini?” Kana kwamba usalama ni kama wayfai au maji moto, unapata unacholipia, Kileleshwa ngazi mbili, Huruma ngazi moja ya mbao. Jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 29, 2016 na kuua karibu watu 50 lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Kodi ya chini haikubadilisha uzito wa saruji iliyowaangukia. Nakubali mazingira huhesabiwa, sheria yenyewe imesema “mazingira yote”, na hakuna jaji atakayedai lifti kwa ploti ya mabati. Lakini hoja ya gharama ni gharama ya tahadhari, si bei ya chumba. Komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo ni shilingi mia chache. Hakuna mizani duniani inayoweka hizo mia chache sahani moja na familia kumi na mbili za orofa ya sita zikalingana.

Halafu kuna yale mabango.

Kila mtaa wa Nairobi una geti lililoandikwa MBWA KALI. Mwalimu wa Kiswahili huumia roho akipita hapo, inafaa kuwa mbwa mkali, lakini ujumbe umefika. Kwenye maegesho kuna kibao cha kwamba gari linawekwa kwa hatari ya mwenyewe. Kwenye transfoma ya stima kuna fuvu na neno HATARI. Na kwenye majengo mabovu kuna ile X nyekundu. Watu wengi huamini bango likishawekwa, mchezo umeisha, umeambiwa, shauri yako. Sheria ya Sura ya 34 haikubaliani moja kwa moja. Inasema onyo halimwondolei msimamizi lawama peke yake, isipokuwa kama onyo hilo, katika mazingira yote, lilitosha kumwezesha mgeni awe salama. Nimeona mbwa kali, naweza kupiga simu nifunguliwe, au niende zangu. Hapo onyo limenipa la kufanya. Je, ngazi imevunjika na ndiyo pekee ya kunifikisha kwangu? Bango la “Tahadhari” hapo halinipi kitu. Siwezi kuruka.

Sheria hiyohiyo inamtaka msimamizi ategemee kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kwa hiyo fuvu na HATARI kwa transfoma iliyo mita mbili kutoka uwanja wa kuchezea mpira, bila ua, ni maandishi kwa mtoto asiyejua kusoma. Upande wa pili, inamruhusu kutegemea kwamba fundi anajua hatari za kazi yake. Fundi wa stima aliyeitwa kurekebisha waya hawezi kusema hakujua waya una stima.

Lakini ile X ndiyo hunichosha akili. Kwa serikali, X ni onyo kamili: jengo hili si salama, hameni. Kwa anayeishi ndani, X imegeuka kuwa anwani. “Shukia hapo kwa ile nyumba ya X.” Mtu ameonywa, anajua, na bado analipa kodi tarehe tano kwa sababu deposi ya nyumba nyingine hana. Wakili wa landilodi atasimama aseme mpangaji alikubali hatari kwa hiari. Hiari gani? Kujua hatari na kuikubali si kitu kimoja, na kama tutaruhusu mahakama zetu ziyachanganye hayo mawili, basi kopo la rangi nyekundu litakuwa bima ya bei nafuu kuliko zote Kenya.

Nisije nikaonekana nawabebesha wengine peke yao. Kipimo cha busara kinakupima na wewe. Umepanda nduthi bila helmeti, mko watatu, dereva anajibu meseji. Ukigongwa na gari lililokuwa na makosa, mahakama inaweza kukupunguzia fidia kwa kiasi ulichochangia. Nimeona watu wakikasirikia jambo hilo, lakini ni haki. Busara haiwezi kuwa ya landilodi tu.

Kwa wale wanaouliza “sasa nifanye nini”, sheria ina makali ambayo hutumika kidogo mno. Ukiumia mahali kwa uzembe wa msimamizi, una miaka mitatu kufungua kesi, kwa kawaida. Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile wengi huiita WIBA, haikutaki uthibitishe mwajiri alikosea, lakini usikae kimya: toa taarifa mapema na udai ndani ya miezi kumi na miwili. Na sheria ya usalama kazini inasema ukiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kukulazimisha urudi pale kabla hajairekebisha. Kijana wa mjengo anayeambiwa apande jukwaa linalotikisika hajui kwamba sentensi hiyo ipo. Na hata akiijua, kesho kuna vijana ishirini getini wanaongoja nafasi yake, na huo ndio ukweli ambao hakuna kifungu kinachoumaliza.

Kitu kimoja cha bure kabisa: andika. Ile kesi ya uwanja wa magari iligeuka kwa swali moja, walijua au hawakujua? Ujumbe wa WhatsApp kwa landilodi wenye picha ya ngazi na tarehe unajibu swali hilo kabla halijaulizwa. Usiandike “nyumba si salama”, maana atakujibu kwamba hakuna nyumba iliyo salama, na kisheria hajakosea sana. Andika tahadhari iliyokosekana: mlango wa paa umefungwa kwa kufuli, ufunguo hauko karibu, hakuna njia nyingine ya kutoka, tuko watu kadhaa juu.

Nami niliandika. Landilodi aliusoma, tiki mbili za buluu, siku tatu kimya. Siku ya nne keateka akapanda na msumari na nyundo, akapigilia ukutani kando ya mlango na kuning’iniza ufunguo. Nikafurahi, nikawaambia hata majirani. Jumapili ufunguo ulikuwa umeibwa. Kufuli bado lipo, na keateka ananiambia hiyo ndiyo sababu ilikuwa imefungwa tangu mwanzo.